Mbwa Anayechechemea na Wajibu wa Kujua

Ploti ikishajengwa Ruiru au Thika, katika kaunti ya Kiambu nchini Kenya, ukuta ukishapanda na geti la chuma likishawekwa, kinachofuata mara nyingi ni mbwa. Huletwa akiwa mdogo, aghalabu German Shepherd au chotara wake, ili akue pamoja na nyumba kabla ya kukabidhiwa ulinzi wa usiku. Kisha, akiwa na miezi sita au minane, anaanza kuchechemea. Hakugongwa na bodaboda, hana jeraha, wala hakuna mwiba unaoonekana kwenye unyayo. Leo ni mguu wa mbele, baada ya juma ni wa nyuma. Asubuhi anajikokota, jioni anakimbia. Swali ninalotaka kulijadili ni la maadili kabla halijawa la tiba: mtu anayemmiliki mnyama huyu ana deni gani kwake, hasa pale ambapo hakuna ajuaye kinachomuuma? Majibu matatu ndiyo yanayosikika zaidi mitaani. La kwanza ni kungoja, kwa kuwa mbwa ni mbwa na atapona. La pili ni kununua kidonge. La tatu ni kutafuta mbwa mwingine. Hoja yangu ni kwamba yote matatu yanauruka wajibu wa kwanza, ambao ni wajibu wa kujua. Kabla ya kuamua kumtibu au kutomtibu, mwenye mbwa anapaswa kutafuta chanzo cha maumivu. Na chanzo hicho kikijificha kuliko ujuzi ulio karibu, anapaswa kukitafuta kwa yule aliyebobea.

Ushahidi wa kwanza unatoka kwenye ugonjwa wenyewe. Kuchechemea ni dalili moja yenye vyanzo vingi, na dawa ya chanzo kimoja inaweza kuwa sumu kwa kingine. Kuna uvimbe wa ndani ya mifupa mirefu, ambao madaktari huuita panosteitisi. Huwapata zaidi mbwa wa maumbo makubwa kati ya miezi mitano na kumi na minane, huhama kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na mwishowe huisha wenyewe. Kuna kulegea kwa nyonga na kasoro za kiwiko, ambazo hurithiwa, na ambazo haziishi kwa kungoja bali huendelea kulila gegedu la kiungo. Kuna homa zinazoletwa na kupe wa mbwa, kama erlikiosisi, ambazo huvimbisha viungo huku zikiathiri damu. Kuna funza waliojichimbia kati ya vidole. Kuna mifupa dhaifu ya mbwa aliyekuzwa kwa ugali mtupu au kwa nyama isiyo na mifupa, asiyepata kalisi ya kutosha. Na kuna mifupa iliyopinda ya mbwa mkubwa aliyerundikiwa kalisi kupita kiasi na mwenyewe aliyemtakia mema, kwa sababu mwili wa mtoto wa mbwa hauna uwezo wa kuikataa ziada hiyo. Mbwa hawa wawili wa mwisho wanaweza kuchechemea kwa namna ile ile kando ya geti lile lile, na mkono unaomwokoa mmoja ukamlemaza mwingine. Paracetamol iliyo kwenye kabati la nyumba huharibu ini na damu ya mbwa. Ibuprofen na diclofenac humchoma tumbo na kumharibia figo. Sindano ya steroidi inaweza kuondoa dalili kwa siku chache huku ikiudhoofisha mwili unaopigana na maambukizi. Kwa hiyo mtu anayempa mbwa kidonge kwa kumhurumia anaweza kumtenda ubaya mkubwa kuliko yule asiyemjali. Huruma ni mwanzo mwema, lakini isipoongozwa na ujuzi haina jinsi ya kujitofautisha na ukatili kwa matokeo yake.

Lakini je, tuna wajibu wowote kwa mbwa, hata tujadili ni upi unaotangulia? Falsafa ya Ulaya ilisita kwa muda mrefu. Descartes, katika karne ya 17, aliwafananisha wanyama na mashine. Thomas Aquinas kabla yake, na Kant baada yake, walikubali kwamba ukatili kwa wanyama ni mbaya, ila kwa sababu ya kuzunguka: anayezoea kumtesa mnyama huishia kumtesa mwanadamu. Hata hivyo Kant mwenyewe, katika mihadhara yake ya maadili, alisema kwamba mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu anastahili kutunzwa anapozeeka na kushindwa kazi. Mwaka 1789 Jeremy Bentham aliliweka swali mahali pake: cha kuulizwa ni kama mnyama anaweza kuteseka, wala si kama anaweza kufikiri au kusema. Mwaka 2012 kundi la wanasayansi wa ubongo waliokutana Cambridge walitoa tamko kwamba wanyama wengi, wakiwemo mamalia wote, wana viungo vya ubongo vinavyozalisha ufahamu. Nadhani njia ya kuzunguka ya Aquinas na Kant haihitajiki tena. Mbwa anayeunyanyua mguu wake na kuuning'iniza anaepuka kitu, na kitu hicho ni maumivu yake yeye. Ubaya wa kumwacha hivyo unampata yeye kwanza, hata kama hakuna binadamu atakayeharibika tabia kwa kumtazama.

Hata hivyo uwezo wa kuteseka pekee hautoshi kueleza kwa nini mtu fulani awajibike kwa mbwa fulani. Fisi wa mbugani naye huteseka, na hakuna anayenidai nimpeleke kwa daktari. Wajibu wa pekee wa mwenye mbwa unatokana na alichomtendea. German Shepherd hakutokea msituni: kuanzia mwaka 1899 Max von Stephanitz na chama chake huko Ujerumani walichagua dume na jike kwa ajili ya kazi, na wafugaji waliofuata wakaendelea kuchagua kwa ajili ya umbo pia, hadi nyonga dhaifu zikawa sehemu ya urithi wa ukoo huo. Ruiru ni mji unaoelewa maana ya kumzalisha kiumbe kwa kukusudia. Ni hapo, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa, ambapo aina ya Ruiru 11 ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985, mmea uliochanganywa kizazi kwa kizazi ili ustahimili chulebuni na kutu ya majani. Mche ukishindwa, hasara ni ya mkulima peke yake. Mwili wa mbwa ukishindwa, kuna mwingine ndani yake anayeilipia hasara hiyo. Tumemuumba mbwa huyu kwa mahitaji yetu, tukamtenga na mama yake, tukamfungia ndani ya ukuta ambao hawezi kuutoka kwenda kutafuta nafuu yoyote, na tukampa kazi. Anakula tunachompa, anatibiwa tukiamua, na asipotibiwa hana pa kukata rufaa. Tulipojitwalia mamlaka yote juu yake tulijitwalia pia jukumu lote, na hapo ndipo deni linapozaliwa.

Dini mbili kuu za nchi hii zinalijua deni hilo kuliko waumini wao wanavyolikumbuka. Kitabu cha Mithali, sura ya 12, kinamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake. Kutoka 23 inaamuru kumsaidia punda aliyelemewa na mzigo hata kama ni wa adui yako. Katika Luka 14 Yesu anawauliza wanasheria ni nani kati yao asiyemtoa kisimani ng'ombe wake siku ya Sabato, na hawana jibu. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu alishuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Na Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 1262, alipoorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu aliweka ya kwanza kuwa ni kumgharimia mnyama anachohitaji hata akizeeka au kuugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena. Hilo si neno la mtu wa mjini wa karne ya 21 aliyechoka kuishi peke yake na mbwa. Ni la fakihi wa karne ya 13, wa madhehebu yale yale yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, na amelisema kwa lugha ya haki inayodaiwa.

Ukiitazama hadithi ya kisima kwa makini, utaona pia mpaka wa huruma. Mtu yule alielewa hali ya mbwa kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ametoka tu kunywa baada ya kiu kali; alijiona ndani ya yule mnyama. Kiu, njaa, baridi na mzigo mzito tunaweza kuvitambua kwa kujipima, kwa kuwa miili yetu inavijua. Lakini mguu wa mbwa unaouma pasipo jeraha hautambuliki kwa njia hiyo. Hakuna anayeweza kujitazama akajua kama mbwa wake ana uvimbe wa mfupa au nyonga iliyolegea. Tena mbwa huficha maumivu: akimwona bwana wake anatikisa mkia, akipanda gari kwenda kwa daktari anaweza kutembea vizuri kwa msisimko, akirudi akachechemea tena. Anayemtegemea mbwa amweleze atadanganyika, na anayejitegemea mwenyewe akisie atakosea. Pale ambapo kujiweka mahali pa mwingine kunafika kikomo, uchunguzi ndio unaochukua nafasi yake. Kwa hiyo nasema kwamba kumtafuta mtaalamu ni tendo la huruma lile lile lililomshusha mtu kisimani, likifanywa mahali ambapo macho ya kawaida hayafiki. Na kwa kuwa mgonjwa hana ulimi wa kujieleza, mzigo wote wa kuuliza unahamia kwa anayemmiliki.

Kuuliza huko kuna hatua zake, na nyingi zinaanza nyumbani. Mwenye mbwa anaweza kuandika tarehe, mguu, na saa ambazo hali huzidi. Anaweza kumrekodi kwa simu akitembea kwenye saruji tambarare, ili daktari aone kile ambacho msisimko utakificha. Anaweza kukagua vidole kimoja kimoja, kutafuta kupe masikioni, na kueleza kwa ukweli mbwa amekuwa akila nini. Kisha ndipo anapofuata mtu wa taaluma. Hapa Kiambu ina tatizo lake. Ni kaunti ya maziwa. Brookside ina kiwanda chake Ruiru, Githunguri ina chama cha ushirika cha wafugaji kinachojulikana nchi nzima, na elimu ya mifugo iliyoenea vijijini ni ya ng'ombe, nguruwe na kuku. Hilo linaeleweka, kwani ujuzi hukusanyika palipo na riziki. Lakini matokeo yake ni kwamba mwenye mbwa wa Thika huanzia kwenye duka la agroveti, ambako anaweza kuuziwa dawa ya minyoo na sindano bila mbwa kuguswa. Sheria ya mwaka 2011 inayosimamia madaktari wa mifugo na wasaidizi wao inawataka wote wasajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na kumwuliza mtu kama amesajiliwa si utovu wa heshima. Mhudumu mwaminifu akishapima joto, akakunja na kukunjua kila kiungo, akachunguza damu kutafuta homa za kupe, na bado asipate jibu, ana wajibu wa kusema kwamba amefika mwisho wa ujuzi wake na kumpeleka mgonjwa mbele. Mbele kwenyewe kupo: kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kina hospitali ya wanyama Kabete, na kliniki za wanyama wadogo zipo Nairobi. Huko mbwa anaweza kutulizwa kwa dawa na kupigwa picha za eksrei akiwa amelegea, kwa kuwa nyonga na kiwiko cha mbwa anayejikaza ni vigumu kuvisoma. Kutoka Thika, kwenda, kuhudumiwa na kurudi kunaweza kuchukua nusu siku na zaidi, na matatu nyingi hazibebi mbwa. Gharama hiyo ni ya kweli, na sitaki kuipunguza kwa maneno.

Pingamizi zito zaidi linaanzia hapo. Nchi ambayo wagonjwa wa Hospitali ya Thika Level 5 wanachanga fedha za dawa, nchi ambayo mtoto anarudishwa nyumbani kwa karo, ina haki gani ya kuzungumzia bingwa wa mifupa ya mbwa? Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inakataza kumtesa mnyama bure, na papo hapo inasema kwamba haifai kutumia kwa wanyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza taabu za watu. Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wetu wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefariki mwaka 1995, alitetea haki ya kila binadamu kupata kiwango cha chini cha usalama, afya na riziki, na akaiweka mbele ya haki nyingine. Nakubaliana na hoja hiyo kama kanuni ya kugawa sadaka na bajeti ya taifa. Lakini mwenye mbwa hagawi sadaka, analipa anachodaiwa. Mtu aliyeajiri mlinzi wa geti hawezi kukataa kumlipa mwisho wa mwezi akisema kwamba nje ya geti kuna watu maskini kuliko mlinzi huyo. Umaskini wao ni wa kweli, na huenda anawajibika kuwasaidia pia, lakini si kwa mshahara wa aliyekwisha kumfanyia kazi. Dawa ya deni ni kulipa. Tena, tukiwa wakweli, fedha ambazo hazikumfikisha mbwa Kabete ni nadra sana kuonekana zikimfikia mgonjwa wa Thika. Hoja ya kuwatanguliza watu inakuwa na nguvu kinywani mwa anayewatanguliza kweli. Kwa mwingine inakuwa njia ya kuwanyima wote wawili.

Pingamizi la pili ni la asiyekuwa na uwezo. Je, mlezi wa watoto wanne Makongeni, anayeishi kwa kibarua, anatenda dhambi asipompeleka mbwa wake kwa bingwa? Hapana. Hakuna awajibikaye kwa lisilowezekana, na mahitaji ya lazima ya watoto wake yanatangulia. Ila tutofautishe kujua na kutibu. Upasuaji wa nyonga unaweza kuwashinda wengi, lakini kupumzisha mbwa, kubadilisha chakula, kutoa funza na kuacha vidonge vya binadamu ni mambo yanayowezekana kwa wengi, na ni ujuzi ndio unaoonyesha lipi kati ya hayo litafaa. Utambuzi wa ugonjwa mara nyingi hupunguza gharama: anayejua kwamba mbwa wake ana panosteitisi ataokoa fedha za sindano kumi zisizohitajika. Na hata pale ambapo jibu ni baya, ambapo maumivu hayatibiki au tiba haifikiki, kumlaza mbwa usingizi wa milele kwa mkono wa daktari ni uamuzi unaoweza kuwa wa haki ukifanywa kwa kujua. Kumtupa kando ya barabara kuu ya Thika ili tatizo liwe la mwingine hakuwezi kuwa haki kamwe. Somo jingine liko kabla ya ununuzi: anayechukua mbwa wa umbo kubwa kwa sababu anatisha wezi ajiulize kwanza kama ataweza kuubeba mwili huo ukishindwa kujibeba.

Wengine watasema tumwachie Mungu, au tuyaachie maumbile, na watanionyesha mbwa waliopona bila kuguswa. Ni kweli wapo. Nimekwisha kusema kwamba panosteitisi huisha yenyewe. Lakini anayengoja akiwa anajua anangojea nini ana siku ya kikomo na dalili za kuangalia. Anayengoja kwa kutojua hana chochote isipokuwa bahati. Katika mbwa mchanga kungoja kuna bei ya pekee, kwa sababu mifupa inaendelea kukua na kufungana. Baadhi ya upasuaji wa nyonga hufaa tu wakati mbwa ana miezi michache. Baada ya hapo mlango hufungwa, na kinachobaki ni kuishi na baridi yabisi ya mapema. Imani nayo haiungi mkono uzembe huu. Mtume Muhammad, alipoulizwa kama mtu amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, alijibu kwamba amfunge kwanza, kisha ategemee, na hadithi hiyo imepokewa na Tirmidhi. Tumaini halali huanza pale juhudi zilipoishia, na mwenye mbwa ambaye hajauliza hajafika hapo.

Wapo pia watakaosema kwamba haya ni mawazo ya kizungu, kwamba mbwa wa Mwafrika ni mbwa wa nje. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alionyesha kwamba katika mtazamo wetu wa kale mwanadamu ndiye kitovu, na wanyama na mimea wanaelezwa kwa uhusiano wao naye. Sioni kwa nini hilo linipinge. Aliye kitovu ndiye anayeulizwa kuhusu vilivyomzunguka, na wafugaji wa kale wa nchi hii waliwajua wanyama wao mmoja mmoja, kwa rangi, kwa ukoo, kwa mwendo. Mnyama aliyebadili hatua alionwa siku hiyo hiyo. Mbwa kulala nje hakumfanyi asiumwe. Kwa Mwislamu anayefuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi na yana utaratibu wake wa kutoharishwa, lakini kumfuga kwa ulinzi kumeruhusiwa, na hukumu ya najisi inahusu usafi wa anayeswali; haifuti haki ya mnyama kulishwa na kuuguzwa. Na kama tunatafuta mtu wa kwetu aliyeunganisha elimu ya miili ya wanyama na maadili ya taifa, Wangari Maathai alikuwa mtaalamu wa anatomia ya mifugo kabla dunia haijamjua kwa miti. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1971, akaongoza idara ya anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na ni alipokuwa akitafiti kupe wa ng'ombe ndipo alipoona mito imejaa udongo na ardhi imevuliwa nguo. Aliyezoea kumchunguza mnyama kwa makini aliweza kuiona nchi.

Wajibu huu hauishii kwa mtu mmoja. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 lilizipa serikali za kaunti huduma za mifugo, ustawi wa wanyama, leseni za mbwa, na hata vituo vya kuwatunzia na kuwazikia. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamhesabu kuwa mkatili pia mwenye mnyama aliyeweza kuzuia mateso kwa uangalifu wa kawaida asizuie. Sheria hiyo inamdai raia uangalifu. Basi raia naye ana haki ya kuidai serikali iliyo karibu naye mahali pa kuutekelezea uangalifu huo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 katika mji wa Ruiru na zaidi ya 250,000 Thika. Miji ya ukubwa huu, yenye mbwa nyuma ya mageti mengi, inastahili angalau kliniki moja ya umma yenye eksrei na daktari wa wanyama wadogo, na utaratibu wa kumpeleka mgonjwa Kabete bila kila familia kuanza upya kuuliza njia. Faida haitakuwa ya mbwa peke yake. Tangu mwaka 2014 Kenya ina mpango wa kukomesha ifikapo mwaka 2030 vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao wakati mwingine huanza kwa miguu kuishiwa nguvu. Mbwa anayefikishwa kwa daktari ana nafasi kubwa zaidi ya kuchanjwa, na mtaa ambamo watu wamezoea kuuliza kwa nini mbwa anatembea vibaya ni mtaa salama zaidi kwa watoto.

Inawezekana kwamba baada ya yote haya, baada ya damu kupimwa na picha kusomwa na bingwa mwenyewe, jibu lisipatikane. Taaluma ina mipaka, na baadhi ya mbwa huchechemea hadi mwisho bila chanzo kujulikana. Sidhani kwamba juhudi hiyo itakuwa imepotea. Mwenye mbwa atakuwa ameondoa mashaka ya hatari moja baada ya nyingine, atajua dawa zipi hazifai kumpa, na atamtuliza kwa njia isiyomdhuru. Zaidi ya hayo, atakuwa amemtendea mnyama wake kama kiumbe ambaye maumivu yake yana maelezo yanayostahili kutafutwa. Mwenye mbwa hawezi kuahidi uponyaji, kwa kuwa hauko mikononi mwake. Uchunguzi uko mikononi mwake, kwa kiasi cha uwezo wake, na kiasi hicho ndicho anachodaiwa.